Kukokotoa mbadilishano wa nukleoni: anza na nukta moja ya kiini

Vijana wanaonijia nyumbani Nyegezi, Mwanza, siku za Jumamosi wengi wao ni walimu wa sekondari wa Magu, Misungwi na Sengerema, walioanza shahada ya uzamili huku bado wanashika chaki. Wanakuja na tatizo la aina moja. Wamepata programu ya kukokotoa potenshali ya kiini, yaani nishati ambayo kiini kinaipa nukleoni (protoni au nyutroni) inayopita ndani yake, wameiendesha, imewachorea mstari mzuri, na hawawezi kumweleza mtu mstari ule umetoka wapi. Wakibanwa kuhusu sehemu ya mbadilishano ndipo wananyamaza kabisa.

Mwongozo huu ni wao, na ni wa yeyote mwenye kompyuta ya kawaida, jedwali la Excel na kalkuleta ya mkononi. Tutachukua nyutroni ya MeV 30 inayoingia kwenye kiini cha kalsiamu-40, na tutakokotoa mbadilishano katika nukta moja tu, katikati ya kiini, mpaka tuielewe. Baada ya hapo ndipo tutatoka kwenda ukingoni. Nimechagua kalsiamu-40 kwa sababu ina protoni 20 na nyutroni 20, kwa hiyo sehemu ya nguvu inayotegemea tofauti ya idadi hizo inajifuta yenyewe. Nyutroni nayo haina chaji, basi Coulomb, yaani nguvu ya umeme kati ya chaji, tunamweka kando kwa leo.

Kwa nini huwezi kuuacha

Nyutroni inayoingia haina alama ya kuitofautisha na zilizomo ndani. Kanuni ya Pauli inadai kwamba funksheni ya wimbi ya nukleoni zote kwa pamoja igeuze alama pale mbili zinapopeana nafasi. Kwa hiyo yapo matokeo ya namna mbili yanayoonekana sawasawa kwa mtu aliye nje: ile iliyoingia ndiyo iliyotoka, au ile iliyoingia imebaki na mwenzake ndiye aliyetoka. La kwanza linatupa potenshali ya moja kwa moja, nitaiita U_m. La pili linatupa potenshali ya mbadilishano, U_b.

Nguvu tutakayotumia ni ile iitwayo M3Y. Ilitengenezwa Michigan mwaka 1977 na Bertsch na wenzake kutokana na nguvu ya Reid, moja ya modeli za nguvu kati ya nukleoni mbili, na mwaka 1983 Anantaraman, Toki na Bertsch wakatoa toleo linalotokana na modeli nyingine, nguvu ya Paris. Mimi napenda hili la Paris kufundishia, na sababu utaiona sasa hivi. Sehemu ya moja kwa moja, kwa MeV, s ikiwa umbali kati ya nukleoni mbili kwa femtometa (fm), ni:

v_m(s) = 11061.625 e^(−4s)/(4s) − 2537.5 e^(−2.5s)/(2.5s)

na sehemu ya mbadilishano:

v_b(s) = −1524.25 e^(−4s)/(4s) − 518.75 e^(−2.5s)/(2.5s) − 7.8474 e^(−0.7072s)/(0.7072s)

Kila kipande ni Yukawa, yaani kina umbo V e^(−μs)/(μs), na ujazo wa Yukawa yenye nguvu V na kigezo μ, yaani integrali yake juu ya nafasi yote, ni 4πV/μ³. Chukua kalkuleta ufanye v_m. Kipande cha kwanza kinatoa +2172, cha pili −2041, na jumla ni +131 MeV fm³. Ni chanya! Kwa densiti ya katikati ya kiini, nukleoni 0.17 kwa kila fm³, U_m inakuwa kama +22 MeV. Nguvu hii ikiachwa na sehemu ya moja kwa moja peke yake ingeifukuza nyutroni nje ya kiini. Mvuto wote unaoshikilia nyutroni ndani, katika toleo la Paris, umo kwenye mbadilishano. Mwanafunzi akishaiona hiyo +131 kwa mkono wake mwenyewe haniulizi tena kama mbadilishano ni marekebisho madogo ya kuwekwa mwishoni.

Ugumu wake, na makadirio mawili yanayouondoa

U_m ni rahisi kwa sababu katika nukta r inahitaji densiti tu. U_b haiko hivyo. Nyutroni inayotoka katika r imetoka kwenye nafasi nyingine r', kwa hiyo mlinganyo wa Schrödinger unadai uijue funksheni ya wimbi kote kwa wakati mmoja. Inakokotoleka hivyohivyo, ila ni kazi nzito, na ukimaliza hupati potenshali unayoweza kuichora kama mstari mmoja.

Njia ya nusu-klasiki inatoka hapo kwa makadirio mawili, na ni lazima uyatenganishe kichwani, maana kila moja linaharibika mahali pake.

La kwanza linahusu nyutroni inayopita. Tunasema kwamba katika kipande kifupi cha safari yake inakwenda kama wimbi la kawaida lenye momenta ya mahali pale:

k²(r) = (2m/ħ²) [E − U(r)]

ambapo E ni nishati ya nyutroni, U ni jumla ya U_m na U_b, m ni masi ya nukleoni, na 2m/ħ² ni 0.04823 kwa kila MeV fm². Hili ni wazo la Wentzel, Kramers na Brillouin la mwaka 1926. Simama Capri Point asubuhi yenye upepo utazame mawimbi yanayotoka ziwa kuu kuelekea mwambani: urefu wa wimbi unabadilika kufuata kina cha maji yaliyo chini yake, na kina kikibadilika polepole unaweza kusema urefu wa wimbi mahali popote kwa kujua kina cha mahali hapo tu. Kwa nyutroni mwelekeo ni kinyume cha ziwa, kwani potenshali ikiwa na kina zaidi wimbi linakuwa fupi zaidi. Sharti ni lilelile: kina kisibadilike ghafla ndani ya wimbi moja.

La pili linahusu nukleoni zilizomo ndani. Badala ya kubeba funksheni ya kila moja, tunaichukua matriki ya densiti, ρ(r, r'), na kuifanya ifanane na ya gesi ya Fermi, yaani nukleoni huru zilizojaza momenta zote hadi kikomo k_F, yenye densiti ρ ya mahali pale. Slater aliutumia ujanja huu kwa elektroni mwaka 1951, na kwenye viini ukapanuliwa na Negele na Vautherin mwaka 1972, kisha Campi na Bouyssy mwaka 1978. Sura yake ni:

ρ(r, r') ≈ ρ · C(k_F s), C(x) = 3(sin x − x cos x)/x³, k_F = (3π²ρ/2)^(1/3)

Ukiyaunganisha mawili hayo, kila kitu kinabaki ndani ya r moja:

U_b(r) = ρ(r) ∫ v_b(s) · C(k_F s) · [sin(ks)/(ks)] · 4πs² ds

Angalia kwamba k iliyo ndani ya integrali inahitaji U, na U ndiyo tunayoitafuta. Kwa hiyo tunakisia, tunakokotoa, tunarudisha jibu ndani, tunakokotoa tena, mpaka litulie.

Jedwali lenyewe

Safu ya kwanza weka s kuanzia 0 mpaka 20 kwa hatua ya 0.05. Safu zinazofuata ziwe v_b, C, sin(ks)/(ks), na zao lao mara 4πs². Mstari wa s = 0 andika sifuri kwa mkono, kwa sababu s² inaimeza 1/s. Kwa C, pale x inapokuwa ndogo kuliko 0.1 usitumie fomula ya sini na kosini. Namba mbili zinazokaribiana zinatoana na kukuachia takataka, basi weka 1 − x²/10 + x⁴/280. Jumlisha kwa kanuni ya Simpson. Hifadhi faili kila ukimaliza safu. Umeme wa huku unajua kukatika saa mbili usiku wakati ndipo umepamba moto.

Kabla hujakokotoa chochote cha maana, fanya jaribio hili. Weka k na k_F ziwe karibu na sifuri, C na sini zote ziwe 1. Sasa integrali lazima itoe ujazo mtupu wa v_b: −299.3 kwa kipande cha kwanza, −417.2 cha pili, −278.8 cha tatu, jumla −995.3 MeV fm³. Ukipata −994.7 jedwali lako limeishia 12 badala ya 20, kwa sababu kipande cha tatu kina mkia mrefu. Ukipata kitu kingine kabisa, tafuta π iliyopotea. Mtu asiende mbele bila −995.3. Nasisitiza hili kwa sababu makosa yote ya baadaye yanajificha nyuma ya grafu nzuri, na hapa ndipo pekee ambapo jibu unalijua kwa hakika.

Sasa katikati ya kiini. Densiti 0.17 inatoa k_F = 1.360 kwa kila fm. Kisia U = −50. Basi k² = 0.04823 × 80 = 3.858, na k = 1.964. Integrali inatoa karibu −509 MeV fm³. Zidisha kwa 0.17 upate U_b = −86.5, ongeza +22.3 ya moja kwa moja, U = −64.2. Rudisha −64.2 ndani: linapanda hadi karibu −60, kisha linashuka kidogo kupita −61, na kila mzunguko kosa linabaki kama theluthi ya lililotangulia. Linatulia chini kidogo ya 61, tuseme −60.9 MeV. Ukiona jibu lako linakimbia badala ya kutulia, alama ya U ndani ya k² imegeuka.

Kwa anayetaka uhakika wa pili, wastani wa Yukawa juu ya duara la Fermi una fomula kamili. Kokotoa

W = 2π { k_F + [(k_F² + μ² − k²)/(4k)] ln[(μ² + (k+k_F)²)/(μ² + (k−k_F)²)] − μ [arctan((k_F+k)/μ) + arctan((k_F−k)/μ)] }

kisha zidisha 3W/(4πk_F³) kwa 4πV/μ, kipande kwa kipande. Kalkuleta iwe kwenye radiani, na beba tarakimu tano baada ya nukta, kwa sababu ndani ya mabano makubwa namba kubwa zinafutana na kubakiza ndogo sana. Jedwali na fomula lazima vikubaliane. Visipokubaliana, amini fomula, urudi kwenye jedwali.

Pioni imekwenda wapi

Binti mmoja wa Ukerewe, anayevuka kutoka Nansio kuja mjini kwa ajili ya masomo haya, alipofika hapa aliniuliza: "Mwalimu, mbona kipande cha tatu kimekwisha?" Aliona sawasawa. Tazama vipande vyote kwa k = 2.083, ambayo ni ya U = −60. Cha kwanza kimeshuka kutoka −299 hadi −226. Cha pili kutoka −417 hadi −234. Cha tatu kimeanguka kutoka −279 hadi −30.

Kipande hicho cha tatu ni mkia wa pioni: 0.7072 ni masi ya pioni ikigawanywa kwa ħc, na masafa yake ni kama fm 1.4. Nguvu ya masafa marefu inakutanisha mawimbi mawili yaliyo mbalimbali, na kwa umbali huo sini imeshapanda na kushuka na kujifuta. Nguvu ya masafa mafupi inayaona kidogo tu mabadiliko hayo, inabakiza zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo kadiri nyutroni inavyokwenda kwa kasi zaidi ndivyo mbadilishano unavyopungua, na sehemu ya pioni ndiyo inayokufa kwanza. Hiyo ndiyo fizikia ya mbadilishano kwa ukamilifu wake. Napenda mwanafunzi akae nayo jioni nzima, abadilishe E kutoka 10 hadi 100 na kutazama vipande vitatu vikishuka kila kimoja kwa mwendo wake.

Ukifanya hivyo utakutana na jambo jingine zuri. Nguvu tuliyoweka haina E ndani yake hata kidogo, lakini U inategemea nishati. Karibu na MeV 30, kila MeV inayoongezeka inapunguza kina kwa takriban 0.24 MeV. Becchetti na Greenlees, waliopanga vipimo vingi vya kutawanyika kwa nyutroni na protoni mwaka 1969, walipata mteremko wa 0.32. Sehemu kubwa ya mteremko ule inatoka hapa, kwenye mbadilishano, na umeipata kwa Excel.

Namba moja haitoshi

Watu wengi hawafanyi haya yote. Wanatumia njia ya mkato iliyoenea tangu kazi ya Satchler na Love ya mwaka 1979: mbadilishano wote unawekwa kwenye nukta moja, s = 0, na kupewa namba moja. Kwa Reid ni −276(1 − 0.005 E/A), na kwa Paris ni −590(1 − 0.002 E/A), MeV fm³, E/A ikiwa nishati kwa kila nukleoni inayoingia. Kwa MeV 30, ya Paris inakuwa −555. Siidharau. Imefanya kazi nyingi nzuri, na kwa makadirio ya haraka naitumia mwenyewe. Lakini ona inachoficha.

Katikati ya kiini, tulipata integrali ya karibu −490. Namba moja inasema −555, na kwa hiyo inatoa U = −72 pale ambapo ukokotozi kamili unatoa −61.

Sasa nenda ukingoni. Tumia densiti ya Fermi, ρ = 0.17/(1 + e^((r−3.6)/0.52)); ukiijumlisha juu ya kiini chote inatoa 40.07, kwa hiyo nukleoni zetu zimetimia. Katika r = 5 fm densiti imebaki 0.0108, na k_F = 0.54. U pale ni kama −5 tu, kwa hiyo k imeshuka hadi 1.30. Integrali ya mbadilishano? Karibu −650. Nyutroni imepunguza mwendo, nukleoni za pale nazo zina momenta ndogo, na pioni imefufuka kutoka −30 hadi karibu −64.

Kwa hiyo namba moja ya −555 inazidisha nguvu ndani na kuipunguza nje, kwa wakati uleule. Huwezi kuisahihisha kwa kuipandisha wala kuishusha, maana ukiponya upande mmoja unaumiza mwingine. Na ukingo ndipo mtawanyiko mwingi unapoamuliwa, hasa viini viwili vinapokutana. Hii ndiyo sababu nawaambia vijana wangu wafanye kazi ndefu angalau mara moja kwa kila kiini wanachokisoma.

Marekebisho ya gradienti

Gesi ya Fermi inadhani densiti ni tambarare, na ukingoni siyo. Nadharia ya Thomas na Fermi iliyopanuliwa hadi daraja la ħ² inabadilisha k_F kuwa:

k_F² → (3π²ρ/2)^(2/3) + (5/108)(∇ρ/ρ)² + (5/36)(∇²ρ/ρ)

Kwa densiti yetu, katika r = 3.6 mabadiliko ni madogo: 1.080 inakuwa 1.065. Katika r = 5 ni makubwa: 0.54 inaruka hadi 0.87. Mbali zaidi, fomula ya kwanza inapeleka k_F kwenye sifuri, wakati hii inaibakiza karibu na 0.8. Hiyo ndiyo tabia sahihi ya mkia, kwani nukleoni za mkiani bado zina mwendo hata densiti ikiisha.

Usianzie r = 0 kwenye fomula hii. Densiti ya Fermi ina mteremko mdogo sana pale katikati, lakini ∇² inaugawanya kwa r na unalipuka. Anzia 0.1.

Baada ya kuruka kote huko kutoka 0.54 hadi 0.87, integrali katika r = 5 inabadilika kwa kama 2 kwa 100 tu. Ukishindwa kuamini, kokotoa mwenyewe. Sababu ni kwamba kwa MeV 30 momenta ya nyutroni inayopita ndiyo inayotawala, na vipande viwili vya masafa mafupi havisumbuliwi na k_F. Kwa nishati ya MeV 5 hivi pengo linapanuka. Kwa hiyo weka marekebisho haya, hayagharimu kitu, lakini usimwandikie msimamizi wako kurasa kumi juu yake ikiwa kazi yako ni ya nishati za kati.

Lenye uzito zaidi ukingoni ni mahali pa kusomea densiti. Nimeandika ρ(r) ili kuanza kwa urahisi. Campi na Bouyssy wanaisoma katikati ya r na r', yaani kwenye r + s/2, na k_F vilevile. Ndani ya kiini ni sawa tu. Ukingoni, ambako densiti inapungua kwa zaidi ya nusu ndani ya fm 0.5, si sawa, na U_m nayo lazima ikunjwe kikamilifu juu ya densiti badala ya kuzidishwa kwa 131. Integrali inapata pembe moja ya ziada. Excel inaanza kulemewa hapo, hamia Python. Mistari yenyewe haifiki ukurasa mmoja.

Uliangalie wimbi kama linakubali

Kadirio la kwanza lina kipimo chake: |dk/dr| gawanya kwa k². Likiwa dogo kuliko 1 kwa mbali, endelea. Kwa MeV 30 katika r = 3.6, ambako potenshali inabadilika kwa kasi kuliko kote, kipimo ni 0.14. Ni salama. Kwa MeV 2, pale densiti inapobaki sehemu ya kumi, kinafika karibu 1, na hapo njia hii imekwisha kazi. Tumia mlinganyo kamili usio wa mahali pamoja, yaani ule unaobeba r na r' zote mbili. Weka safu ya kipimo hiki kwenye jedwali lako daima, uitazame kila unapobadilisha E.

Na hata pale njia inapofaa, potenshali ya mahali pamoja inakupa mtawanyiko sahihi ilhali funksheni ya wimbi ndani ya kiini inakuwa kubwa kupita kiasi. Perey na Buck mwaka 1962 walitumia masafa ya fm 0.85 kwa umbali huu kati ya r na r', na kwa kina cha MeV 61 kipeo cha Perey (namba ya kuzidishia wimbi) ni (1 + 0.0087 × 61)^(−1/2), yaani 0.81. Ukienda kutumia funksheni hiyo kwenye mmenyuko mwingine, kama kunyakua au kuacha nukleoni, izidishe kwa kipeo hicho kwanza.

Viini viwili

Kwa alfa na kalsiamu, au oksijeni na oksijeni, sura ni ileile ila matriki za densiti ni mbili na k inagawanywa:

U_b(R) = ∫∫ ρ₁(r₁, r₁+s) ρ₂(r₂, r₂−s) v_b(s) e^(i k(R)·s/M) dr₁ dr₂, M = A₁A₂/(A₁+A₂)

Kwa alfa na kalsiamu-40, M ni 3.64, na k² inatumia masi m mara M. Sasa Coulomb anarudi ndani ya k², na kwa nishati ndogo k² inaweza kuwa hasi ndani ya kizuizi cha Coulomb. Programu nyingi za wanafunzi zinafia hapo kwa kutafuta kipeuo cha namba hasi. Badilisha sin(ks/M)/(ks/M) iwe sinh(κs/M)/(κs/M), κ² ikiwa −k², na iendelee.

Kabla hujalinganisha na vipimo vyovyote, jua kwamba −61 yetu ina kina kuliko inavyotakiwa. Nyutroni ya MeV 30 inahitaji kati ya 40 na 50. Kosa hilo si la mbadilishano. M3Y tupu haijui kwamba nukleoni zikisongamana nguvu kati yao inadhoofika, na bila hilo hata maada ya nyuklia haikai kwenye densiti yake. Zidisha v_m na v_b zote kwa kipeo (namba ya kuzidishia) kinachotegemea densiti. Familia ya CDM3Y ambayo Khoa, Satchler na von Oertzen walichapisha mwaka 1997 ndiyo ninayowapa wanafunzi wangu. Kipeo kiingie ndani ya integrali, kisomwe kwenye densiti ileile ya r + s/2, na mizunguko ya k ianze upya tangu mwanzo, kwa sababu U mpya inabadilisha k, na k inabadilisha kila kipande cha v_b. Rudia tena jaribio la −995.3 kipeo kikiwa 1, kisha kiwashe.